Mtungi wa Kimaren

Ng'ombe waliingia shambani kwa Muhsin kabla jua halijapanda juu ya mikorosho, na watu wa Kwamsisi, wilayani Handeni, walipofika, mahindi yalikuwa yamebaki vikonyo.

Nani alianza kupiga, kila upande una maelezo yake. Wachungaji walikuwa vijana wawili. Inawezekana walisinzia, maana mwaka ule nyasi za mbugani zilikuwa zimekauka mpaka mizizi, na ng'ombe mwenye njaa hasikii fimbo. Inawezekana pia walikusudia. Kinachojulikana ni kwamba Muhsin, mwenye shamba, alimkamata mmoja kwa shuka lake, na yule wa pili akamchoma mkuki wa paja. Mkuki ulipochomolewa, damu iliruka kama maji ya bomba lililopasuka. Wakampakia kwenye baiskeli kumkimbiza zahanati. Hakufika. Alikata roho njiani, kichwa kikiwa kimelala mgongoni mwa jirani aliyeshika usukani.

Wale vijana walitokomea vichakani. Ng'ombe wao hawakuwa na akili ya kukimbia. Walibaki pale pale wakitafuna, na wanaume wakawageukia.

Sufiani Mdoe alikuwa miongoni mwao. Alikuwa mtu wa shamba, mpole, ambaye hata kuku alipenda achinjiwe na mwingine. Asubuhi ile alikata mishipa ya miguu ya nyuma ya dume moja, akaliona likikaa chini kama mbwa, likiwa bado na bua mdomoni. Mbele yake kaka yake mkubwa, Awadhi, alifanya kazi kimya kimya, kama mtu anayefyeka magugu. Akampasua ng'ombe jike ubavuni. Utumbo ukashuka, na nyuma ya utumbo ukashuka mfuko, na mfuko ulipochanika akatoka ndama ambaye manyoya yalikuwa hayajamwota. Macho yamefumba. Mdomo ulifunguka, ukafumba, ukafunguka.

"Usimwangalie," Awadhi akasema. "Huyo angekuja kula mahindi ya mwakani."

Sufiani alikuwa bado anamwangalia simu ilipoita mfukoni.

Alikuwa Mwaija, mkewe, kutoka Korogwe.

"Mbona unachelewa kupokea? Na hizo kelele za nini?"

"Niko shambani."

"Naitrojeni imekwisha, Sufiani. Gari la kuileta limekwama, barabara imekatika huko juu. Ikram amepima kwa kijiti, iliyobaki ni ya kulowesha tu. Watoto wetu wako humo."

Kijijini walijua Mwaija amekwenda kumuuguza shangazi yake Mkumbara. Kwa shangazi alikuwa analala kweli, ila mchana alikuwa anapanda basi kwenda Korogwe, kwenye kliniki ndogo ya uzazi ambayo Sufiani na yeye waliifahamu kuliko walivyoifahamu nyumba ya Awadhi. Mbegu za Sufiani zilikuwa dhaifu. Hilo walilijua watu watatu: wao wawili na Ikram, mwanamke wa maabara. Kwa hiyo mayai ya Mwaija yalikutanishwa na mbegu hizo chini ya darubini, na vilivyopatikana vilikuwa viinitete, vidogo kiasi kwamba Sufiani alipoonyeshwa alidhani kioo kina vumbi.

Safari ya kwanza walipoteza vyote. Viligandishwa polepole na mashine, na siku ya kuyeyushwa vilikuwa vimechanika. Ikram hakuwaficha. Aliwakalisha akawaeleza kwamba kiinitete kimejaa maji, na maji yakiganda taratibu huota miiba, na miiba hiyo hukichoma kutoka ndani.

"Umewahi kusahau soda kwenye friza?" aliuliza.

"Chupa hupasuka," Mwaija alisema.

"Basi ndiyo hivyo. Sasa tumebadili. Tunakinyonya maji kwanza, tunakilowesha dawa inayokaa mahali pa maji, halafu tunakitumbukiza kwenye naitrojeni, yale maji yenye baridi kali kuliko barafu, kufumba na kufumbua. Maji hayapati nafasi ya kuota miiba. Yanakuwa kama kioo."

Sufiani aliwaza kidogo. "Ni kama kuchinja. Kisu butu ndicho kinachotesa."

Ikram alicheka. "Sijawahi kusikia ikisemwa hivyo, lakini ndiyo."

Kwa njia hiyo mpya vilihifadhiwa vitatu. Na kwa umri wa Mwaija hakukuwa na mayai mengine ya kutegemea. Alikuwa amechomwa sindano za kuandaa mji wa mimba, na siku yake ilikuwa ni leo.

"Sikiliza," Mwaija aliendelea kwenye simu. "Ametafutwa mtu hukohuko kwenu, anayepandisha ng'ombe kwa mrija; mbegu zake nazo hukaa kwenye naitrojeni. Mtungi wake umejaa, na ameshaondoka. Ikram anasema isipofika mchana huu, basi."

"Ni mtu gani?"

"Mmasai. Jina sikulishika. Wewe omba dua tu."

Sufiani aliutazama mkono wake. Damu ya dume lile ilikuwa imeanza kukauka kwenye vinyweleo.

Akiwa katika hali hiyo akasikia yowe kutoka upande wa barabara.

Kwamsisi yowe lina sheria yake. Ukilisikia unatoka na chochote kilicho mkononi, na huulizi kitu mpaka ufike. Ukishafika, unakuwa upande wa aliyelipiga. Anayekaa ndani, au anayefika akawa upande mwingine, siku akifa jirani hawamchimbii kaburi. Wakimwonea huruma huwapa wanawe jembe wachimbe wenyewe. Asiye na mtoto haijulikani nani angemchimbia, maana hakuna aliyewahi kujaribu aone.

Sufiani akakimbia pamoja na wenzake.

Barabarani walikuwa wameshalaza gogo na matawi ya miiba. Pikipiki ilikuwa imesimama mbele ya gogo, injini ikinguruma. Aliyeipanda alivaa ovaroli ya bluu na gambuti, shuka jekundu limefungwa shingoni kuzuia vumbi. Wengi walimjua kwa sura. Aliitwa Kimaren, na alikuwa akipita pale mara kwa mara kwenda kwenye maboma ya ng'ombe ng'ambo ya kijiji. Nyuma yake, umefungwa kwa mipira ya baiskeli, ulisimama mtungi wa bati jeupe wenye shingo nyembamba na kifuniko kinene.

Sufiani aliujua mtungi ule kabla hajaufikia. Kule Korogwe alikuwa ameshaonyeshwa mwingine kama huo, mkubwa zaidi.

"Habari za asubuhi, wazee wangu," Kimaren alisema.

"Habari tunazo mikononi," akajibu Ukasha, dereva wa bodaboda wa pale kijijini, akainua panga lenye damu. "Zisome."

Kimaren alizisoma. Akazima injini.

"Nimesikia huko nyuma. Nimesikitika. Mimi sina ng'ombe hata mmoja, nina kazi tu. Mzigo huu ni wa hospitali, Korogwe."

"Hospitali ya ng'ombe?"

"Ya akina mama."

Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake. "Mmesikia?" Ukasha alisema. "Mkwavi huyu amemaliza ng'ombe, sasa anawapandisha na wake zetu kwa mrija."

"Humo ndani," Awadhi alisema polepole, "ndimo wanamotoka. Sisi tunakata kumi, yeye anapita na mtungi wake, mwakani wanakuja ishirini. Shuka."

"Mzee, nakuomba. Ukinichelewesha..."

Awadhi alimpiga rungu la bega. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Kimaren hakuinua mkono kujikinga. Kwa mkono uliobaki na nguvu aliushika usukani, akakaza magoti, ili pikipiki isilale. Akapigwa la pili akiwa ameishikilia. Akapigwa jiwe la uso akiwa ameishikilia bado. Hakuiachia mpaka Ukasha alipoikata ile mipira, na watu wawili wakaupokea mtungi na kuuweka chini wima.

Hapo akaanguka, na wakamvamia.

Sufiani alikuwa na maneno kinywani. Aliyapanga, yakapangika, lakini hayakutoka. Akaona jinsi watakavyomtazama akishayasema: mwanamume ambaye mtoto wake anatengenezewa maabara. Akamwona Muhsin chini ya khanga. Akakumbuka sheria ya yowe. Hayo yote hayakuchukua muda mrefu, pengine muda wa mtu kumeza mate mara mbili, lakini ndani ya muda huo gambuti ya mtu ilishuka usoni mwa Kimaren, na jicho lake la kushoto halikufunguka tena siku ile wala siku nyingine.

Ukasha akang'oa kifuniko. Moshi mweupe, mzito, ukafurika shingoni mwa mtungi na kuteremka ardhini badala ya kupanda. Watu wakaruka nyuma.

"Uchawi," mmoja alisema.

"Umwageni."

Awadhi akainama, akaushika mtungi kwa vishikio vyake vyote viwili.

"Kaka, uache," Sufiani alisema.

Awadhi akageuza kichwa tu.

"Uache huo mtungi. Hakuna mbegu ya ng'ombe humo. Hiyo ni baridi. Inakwenda Korogwe kwa ajili ya Mwaija. Tuna watoto watatu kule wamegandishwa, na baridi yao imekwisha. Ukiimwaga wanakufa."

Hata wale waliokuwa juu ya Kimaren waliacha.

"Watoto," Awadhi alirudia. "Wa kugandishwa. Kama samaki."

"Ndiyo, kaka."

"Na mzazi mwenzio ni huyu?" Ukasha akamgusa Kimaren kwa mguu. Watu wengine wakacheka.

Awadhi hakucheka. "Nilikwambia uoe mke mwingine, ukaniambia Mungu hajapenda. Kumbe Mungu umemweka kwenye chupa." Sauti yake haikupanda. "Muhsin alikula kwangu jana usiku, Sufiani. Mtoto wake mdogo hajui kutembea. Huyo ninamwona kwa macho. Wako ni moshi."

Akauinamisha.

Sufiani alimpiga kwa mgongo wa panga, juu ya kifundo cha mkono. Alimpiga kwa nguvu aliyokusudia na nyingine ambayo hakuikusudia, na mkono wa kaka yake ukajikunja mahali pasipo na kiungo. Mtungi ukayumba, ukalala upande. Kimiminika kikatoka kikichemka, kikaruka juu ya vumbi kwa matone yaliyokimbia kama mende waliofunuliwa chini ya kuni, na kingi chake kikaingia ndani ya gambuti ya Awadhi.

Kwanza Awadhi hakusikia kitu. Alitazama buti yake inavyofuka moshi, akataka hata kucheka. Kisha akapiga kelele ambayo Sufiani hakuwahi kuisikia ikitoka kwa kaka yake, hata siku walipomzika baba.

Sufiani akausimamisha mtungi, akabamiza kifuniko, akasimama juu yake miguu imepanuka. Sasa aligeuza panga, makali yakatazama mbele.

"Atakayesogea namkata. Sichagui ndugu."

Ukasha alisogea. Panga la Sufiani lilimpata mkono, likafungua nyama kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Mtu mwingine alimrushia Sufiani tofali likampata nyuma ya sikio, damu ikamwingia shingoni, lakini hakuanguka. Wakarudi hatua. Walikuwa wengi, na wangemmaliza kama wangetaka. Huenda kilichowazuia ni kwamba walikuwa wamemjua tangu utotoni na hawakumtambua.

Akamwinua Kimaren kwa ovaroli. "Unaweza kuendesha?"

"Sioni."

"Basi panda nyuma. Ukibaki hapa watakuua."

"Mtungi kati yetu," Kimaren alisema kwa midomo iliyovimba. "Wima. Usiulaze."

Walipolizunguka lile gogo kwa kupitia shambani, mawe yaliwafuata. Moja lilimpata Kimaren mgongoni, akagumia, lakini mkono wake mzima haukuachia shingo ya mtungi. Nyuma yao Awadhi alikuwa amekaa chini akijaribu kuvua buti isiyovulika.

"Sufiani," aliita. "Ukifa, nani atakuchimbia?"

Njia ya Chanika ilikuwa makorongo matupu. Kila walipoliingia korongo, Kimaren alisema, "Taratibu. Ukiitikisa inachemka." Baadaye akasema, "Watatu?"

"Watatu."

"Mimi ninao watano. Mkubwa anaitwa Naisiae." Akatema damu pembeni. "Wewe ulikuwa umesimama pale mwanzo wote. Nilikuona."

"Nilikuwepo."

"Ungesema mapema."

Walipita Chanika bila kusimama, watu wa sokoni wakigeuka kuwatazama, wanaume wawili wekundu kwa vumbi na damu, wamekumbatia bati.

Korogwe walifika baada ya adhuhuri. Manesi walimchukua Kimaren kwenye machela. Ikram alitoka na glavu nene mikononi, hakusalimia. Alizamisha kijiti ndani ya mtungi, akakitoa, akasoma mahali barafu nyeupe ilipofika.

"Imebaki chini ya nusu."

"Ilimwagika."

Alimtazama shati, akatazama sikio, akaamua kutouliza. Akaimimina naitrojeni kwenye mtungi wa kliniki, moshi ukamfika magotini. Humo kulikuwa na viinitete vya wanawake wengine pia, na hii ingewavusha mpaka gari lifike. "Vyenu ndivyo vilivyokuwa juu kabisa," alisema. "Sijui vimepata joto kiasi gani. Siwezi kujua mpaka nivifungue. Mwaija yuko tayari, tunavifungua sasa."

Mwaija alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba, shuka la kijani hadi kifuani. Alipomwona mumewe aliinuka kwa kiwiko kimoja.

"Hiyo damu ni ya nani?"

"Nyingine yangu. Nyingine ya Ukasha. Nyingine ya yule aliyeleta mtungi." Akameza. "Nimemvunja Awadhi mkono. Naitrojeni imemwunguza mguu."

Mwaija alilala tena. "Wamejua?"

"Wote."

"Basi," alisema, na machozi yakamtoka kwenye pembe za macho yakashukia masikioni, lakini sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyetua ndoo.

Kwenye ukuta kulikuwa na runinga ndogo iliyoonyesha kile Ikram alichokiona kwenye darubini. Aliteremsha mrija mdogo wa kwanza, wenye kiinitete kimoja, kwenye dawa ya vuguvugu, haraka, maana kuyeyusha nako kunataka haraka ile ile ya kugandisha. Kiinitete kilitokea cheusi, ganda limechanika, uchafu ukielea pembeni. Ikram alisubiri kwa heshima, kisha akakiweka kando. Cha pili kilikuwa kizima, ila kimenywea kama zabibu kavu. Walikingoja kinywe maji. Hakikunywa.

Cha tatu nacho kilitoka kimenywea. Sufiani aliona upande mmoja umeingia weusi na akamwona yule ndama, mdomo ukifunguka na kufumba, akataka kutoka nje. Mwaija alimshika mkono, akafinya.

"Tulia," Ikram alisema, na haikujulikana anamwambia nani.

Ukingo mmoja ukajaa. Kisha mwingine. Kilichukua maji polepole kama ngozi ya ngoma inayovutwa, mpaka kikawa duara, weusi ule ukibaki sehemu ndogo pembeni.

"Amejeruhiwa," Ikram alisema. "Lakini anapumua, kama mngependa kuliita hivyo. Kwa njia ile ya zamani nisingepata hata huyu." Akakinyonya kwa mrija mwembamba, akageukia kitanda.

Hawakurudi Kwamsisi. Nyumba yao ilichomwa jioni ile ile, baada ya mazishi ya Muhsin, na walioichoma hawakujificha. Siku tatu baadaye maboma mawili ya wafugaji yalichomwa, na mzee mmoja wa Kimasai akafia ndani. Polisi walikamata watu wa pande zote mbili. Kimaren alikaa hospitali hadi bega likashika. Jicho halikupona. Sufiani alimpelekea uji kila siku, naye alikunywa na hakumsemesha, isipokuwa siku ya mwisho aliposema, "Ameshika mimba?"

"Ameshika," Sufiani alisema.

Kimaren aliitikia kwa kichwa mara moja, akarudisha kikombe.

Awadhi alikuja Mkumbara tumbo la Mwaija lilipoanza kuonekana. Sufiani alikuwa uani kwa shangazi anachonga mpini. Akamwona kaka yake anaingia langoni na fimbo ya kutembelea, mguu mmoja umevalishwa kiatu kilichokatwa mbele, mkono mmoja umepona kombo.

"Shikamoo, kaka."

Awadhi alichechemea hadi alipo, akaisimamisha fimbo, akampiga nayo usoni. Pua ikapasuka. Sufiani alipiga goti moja, mpini ukiwa bado mkononi, akauweka chini. Akapigwa tena, juu ya mgongo, na tena, mpaka fimbo ikavunjika, na Awadhi ambaye hakuwa na cha kuegemea akakaa chini kwenye mavumbi kwa kishindo, akihema.

Walikaa hivyo, mmoja anavuja damu puani, mwingine anatafuta pumzi.

"Vidole vyote vya mguu," Awadhi alisema mwishowe. "Daktari ananiambia vimekufa kwa baridi. Nikamuuliza, Handeni kuna baridi gani?"

Sufiani hakujua kama acheke.

"Wangapi?" Awadhi akauliza.

"Mmoja. Wawili walikufa."

"Na huyo ni mzima?"

"Alijeruhiwa kidogo. Wanasema anakua."

Awadhi alifuta uso kwa mkono ule uliopinda. "Sikuja kupatana," alisema. "Muhsin bado amekufa, na wewe ulisimama upande ule. Nimekuja kwa sababu nilikuwa nakudai hicho kipigo. Na nilitaka nione kama kweli yupo, au nilipoteza mguu kwa moshi."

Mwaija alikuwa amesimama mlangoni tangu fimbo ya kwanza. Alikuwa ameushika mchi wa kinu kwa mikono miwili, usawa wa bega, na tumbo lake lilikuwa mbele yake, halina pa kujificha. Awadhi akalitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa safari.

Mwaija akaingia ndani, akatoka na kata ya maji katika mkono mmoja na mchi katika mwingine, akaiweka kata chini, pale ambapo Awadhi angelazimika kunyoosha mkono kuifikia.

"Kunywa, shemeji," akasema.

Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama kati ya Awadhi na mumewe, akimtazama shemeji yake anavyokunywa. Mchi hakuuweka chini.